Shajara ya mradi: Krampus kwenye barabara za matofali

Kazi: kupitisha Krampus 12, mazimwi yenye pembe ya desturi za milima ya Alpi, pamoja na Mtakatifu Nikolasi mmoja, askofu anayewatangulia, na wasindikizaji 8 katika German Village, mtaa wa kale wa Wajerumani mjini Columbus, Ohio, jioni ya Desemba 5. Njia ni mita 700 hivi, kushuka City Park Avenue mpaka Schiller Park. Vinyago ni vya kuchonga, ngozi ni za mbuzi, kengele ni za ng'ombe. Kila ingizo liliandikwa siku ya kazi, na makosa yameachwa yalivyo.

Machi 22. Krampus au Percht?

Hili liamuliwe kabla ya kununua hata patasi moja, maana kila kitu kinafuata hapo. Watu wa nje ya Alpi huwachanganya, na mtu wa Salzburg au Tirol, kule Austria, akipita ataona kosa kwa mbali.

Krampus ni zimwi la Nikolasi. Hutoka Desemba 5, mkesha wa sikukuu ya mtakatifu huyo, na kwa kawaida ana pembe mbili. Perchten, yaani Percht wakiwa wengi, ni wa baadaye, zile siku ziitwazo Rauhnächte kati ya Krismasi na Januari 6. Hao hawahitaji askofu wa kuwatangulia, na wamegawanyika: wapo wabaya wa sura, Schiachperchten, ambao mara nyingi hubeba pembe nyingi kichwani, na wapo wazuri, Schönperchten, wenye mapambo marefu ya kumeremeta. Ule ulimi mrefu mwekundu ambao kila Mmarekani anaudai ulienezwa sana na kadi za posta za mwisho wa karne ya 19. Si dhambi kuuweka, ila meno yaliyochongwa vizuri yanatisha zaidi.

Tumechagua Krampus, na sababu kubwa ni Nikolasi mwenyewe. Akiinua fimbo yake, mazimwi hupiga magoti. Kijijini kila mtu anajua kwamba ndani ya kile kinyago chenye jicho bovu yumo mtoto wa fundi bomba, na akizidisha, mama yake atasikia kabla ya asubuhi. Columbus hakuna anayemjua aliye ndani. Kile ambacho kule kinafanywa na kujuana, hapa inabidi tukitengeneze kwa mikono: namba, kamba, taa, na askofu mrefu anayeonekana kutoka mwisho wa mtaa.

Aprili 19. Mbao

Wachongaji wa Alpi hupenda Zirbe, msonobari wa milimani wenye harufu nzuri na mbao laini, au linden, mti mwingine wa mbao laini. Zirbe haipatikani hapa kwa bei ya akili. Linden ya Marekani ipo tele, haina utomvu, na patasi hupita bila kurarua.

Tumejaribu njia mbili. Ya kwanza ni gogo zima lililokatwa majira ya baridi na kupasuliwa katikati. Ya pili ni mbao za unene wa sm 5 zilizokaushwa kiwandani hadi unyevu wa asilimia 8, zikagundishwa mpaka kuwa bonge la sm 30 kwa 40 kwa 28. Bonge hilo lina uzito wa karibu kilo 14 kabla ya kuguswa.

Mei 10. Gogo limepasuka

Ufa umetoka kwenye paji la uso hadi ncha ya pua. Kisa ni kiini cha mti: kilibaki ndani ya kinyago kwa sababu hatukupasua gogo pembeni vya kutosha, na mbao inaponywea kuzunguka kiini lazima ipasuke mahali. Vinyago vyote 12 sasa ni vya mbao za kugundisha. Mstari wa gundi usipite katikati ya pua, kwa sababu patasi inayochonga tundu la pua hukutana nao na kuung'oa.

Ratiba ya kinyago kimoja: msumeno wa mnyororo kwa umbo la jumla, nusu saa. Patasi pana za mviringo kwa mifupa ya uso, siku mbili. Patasi ndogo kwa mikunjo na meno, siku moja. Kisha kutoboa ndani, kazi ambayo wengi huikatia njia ya mkato na kujuta. Ukuta ubaki mm 12 mashavuni na mm 30 pale pembe zinapokaa. Tunatoboa matundu ya drili yenye kina cha kupimwa, tukichonga mpaka alama za drili zitoweke, ndipo tunajua unene ni ule ule. Kinyago kitupu kinatoka na kilo 1.9.

Vanishi ipakwe ndani na nje. Ndani ikiachwa kavu, jasho linaingia upande mmoja tu wa mbao na uso unajipinda.

Mei 24. Macho

Tundu la jicho lilikuwa na kipenyo cha sm 3, na lilikaa sm 6 mbele ya jicho halisi. Hesabu ni rahisi: mvaaji anapata nyuzi 28 za kuona, sawa na kuchungulia kwenye bomba. Tumechonga ndani zaidi ili uso wa mtu usogee mbele. Umbali sasa ni sm 3, na upeo umekuwa nyuzi 53. Bado haoni miguu yake.

Jawabu limetoka mbali na Alpi. Mapiko ya Wamakonde huvaliwa kichwani kama kofia, na mchezaji hutazama kupitia mdomo wa kinyago. Tumefungua mdomo wa Krampus kati ya safu mbili za meno, upana sm 9, urefu sm 2.5, tukaweka wavu mweusi mwembamba kwa ndani. Sasa mvaaji akitazama chini kupitia mdomo anaona ardhi kuanzia mita 2 mbele. Watazamaji wanadhani anatumia macho. Huko ndani ya macho tumeweka taa ndogo nyekundu za betri ya kifungo, moja kila upande, zikiwa zimefunikwa nyuma kwa utepe mweusi ili zisimpofushe mwenyewe.

Juni 14. Pembe

Pembe ni za mbuzi na kondoo dume, urefu wa sm 45 hadi 55, gramu 700 hivi kila moja. Pembe ya mnyama ni ganda tupu. Hulijazi sponji ya kupuliza ukategemea itashika. Ganda litazunguka siku ya kwanza. Tunachonga kiini cha mbao cha sm 10 kinachoingia kwa kubana, tunakigundisha kwa epoksi, na baada ya siku moja tunatoboa kiini kwa ajili ya bolti inayotoka ndani ya kinyago, yenye kisahani kipana cha chuma chini ya kichwa chake.

Kwanza tulifunga bolti za chuma za M8, yaani za kipenyo cha mm 8. Zinashika kama msumari wa kaburi, na hapo ndipo hatari ilipo. Mtu aliyelewa akiona pembe usawa wa mkono wake ataishika, na shingo ya mvaaji ndiyo itakayolipa. Pembe ya nusu mita ni wenzo mzuri sana wa kuvunja shingo.

Tumehamia bolti za nailoni. Mizani ya ndoano ilifungwa kwenye ncha ya pembe, kinyago kikabanwa kwenye jiliwa, tukavuta polepole. Nailoni ya M8 ilishika mpaka kilo 15. Ya M6 ilikatika kwenye kilo 8. Tumechukua M6. Jaribio la pili: bolti zililala usiku kucha kwenye friza. Zikiwa baridi zilikatika kwa ghafla zaidi, bila kunyumbuka kwanza, lakini uzito ulikuwa ule ule kwa karibu. Kukimbia na kuruka pekee hakukuikata hata moja.

Mizizi ya pembe ikae nyuma ya mstari wa masikio. Zikikaa juu ya paji, uzito unavuta mbele na mvaaji anashika kidevu cha kinyago kwa mkono jioni nzima. Ndani tumefunga kiunzi cha kofia ngumu ya mjenzi, chenye gurudumu la kukaza nyuma, na mkanda wa kidevu wenye kifungo kinachoachia kikivutwa kwa nguvu. Jumla: kilo 3.8.

Agosti 2. Ngozi

Vazi moja, koti na suruali, limekula ngozi nane za mbuzi wa nywele ndefu. Manyoya ya plastiki ni nafuu na hayanuki, lakini cheche moja huyayeyusha yakanata kwenye mwili. Ngozi halisi huungua taratibu na harufu yake inakuamsha.

Tunakata upande wa nyama kwa wembe, ngozi ikiwa imeinuliwa hewani. Mkasi unakata nywele pamoja na ngozi, na mshono unaonekana kama kichwa kilichonyolewa vibaya. Nywele zote zielekee chini, mikono nayo pia, ili maji ya mvua yateleze. Sindano ni ya ncha ya pembe tatu, uzi umepakwa nta, mishono kila mm 5. Baada ya kushona, nywele zilizobanwa kwenye mshono hutolewa kwa ncha ya sindano, moja moja. Inachosha, ila hapo ndipo vazi linapogeuka kuwa mnyama.

Kwapani na sehemu ya ndani ya mapaja hatukuweka ngozi. Tumeweka kitambaa cheusi kinachopitisha hewa. Hakuna anayeona.

Septemba 13. Kengele

Kila mvaaji ana mkanda wa ngozi wa mm 4, upana sm 12, wenye kengele tatu nyuma za bati la chuma lililokunjwa, kilo 1.4 kila moja. Wawili wana njuga badala ya kengele, safu mbili kiunoni, ili sauti isiwe ya ngazi moja. Kengele za shaba za kuyeyushwa zina mlio mtamu zaidi, lakini bei yake ilitosha kununua mbao zote.

Mkanda peke yake hauwezi. Kilo nne na ushee hushuka kwenye nyonga, mtu anaanza kutembea kama bata. Tumeongeza mikanda miwili ya mabegani inayopishana mgongoni. Kengele zilipokaa juu zilikuwa zinagonga figo. Zimeshushwa zikae kwenye mfupa wa chini ya kiuno, na nyuma yake kuna sponji ngumu ya sm 2. Mvaaji asitikise kwa kuruka. Anazungusha nyonga, miguu ikiwa imechanuliwa, na kengele zinapiga zote kwa pamoja. Wiki mbili za mazoezi zilitosha kwa wengi wao.

Oktoba 4. Kupima njia

Matofali ya German Village ni mazuri kwa picha na mabaya kwa mtu asiyeona vidole vyake. Mizizi ya miti imeinua njia za miguu. Tumekuta ngazi za sm 4 hadi 7 katikati ya njia. Kwa hiyo kundi linapita barabarani, njia za miguu zinabaki za watazamaji. Ukingo wa barabara kwenye kila makutano tumeupaka chaki nyeupe nene, na itapakwa upya saa moja kabla ya kuanza.

Magari yaliyoegeshwa ni tatizo kubwa kuliko tulivyodhani. Vioo vya pembeni vinakaa usawa wa kengele. Tumepata ruhusa ya kuzuia maegesho upande mmoja, na matangazo yatabandikwa siku tatu kabla.

Bima ya dhima ni dola milioni 1 kwa tukio. Kampuni mbili zilikataa zilipoona neno "fito", zile zinazobebwa na Krampus. Ya tatu ilikubali baada ya kupata maandishi kwamba hakuna mtazamaji atakayepigwa.

Jua linatua saa 11 na dakika chache jioni. Tunaanza saa 12, giza likiwa limekamilika, watoto wakiwa bado macho.

Oktoba 25. Mazoezi ya kwanza kwa mavazi kamili

Nyuzi 9 za sentigredi nje. Baada ya dakika 20 wavaaji watatu waliomba kuvua. Mvuke ulikuwa unatoka shingoni mwao kama sufuria ya wali. Njia imegawanywa vipande vinne vya dakika 10, na kati yake kuna kituo: Nikolasi anafungua kitabu chake, anazungumza na watoto, na mazimwi nyuma yake yamepiga magoti yakinywa maji kwa mrija unaopita kwenye mdomo wa kinyago. Mapumziko yamekuwa sehemu ya mchezo.

Jambo la pili: filimbi hazifai. Kengele 30 na njuga kati ya nyumba za matofali zinameza kila sauti. Wasindikizaji sasa wana tochi za rangi. Kijani ni kwenda, nyekundu ni simama, na nyekundu ya kuwakawaka maana yake vua kinyago hapo hapo. Ilibidi tuzielekeze chini mbele ya miguu ya mvaaji, kwa kuwa anatazama kupitia mdomo. Ukimmulika machoni haoni kitu.

Novemba 15. Fito na ubani

Fito ni za mti wa betula, urefu sm 65, hamsini kwa kila kifurushi, zimefungwa mahali patatu kwa waya na kufunikwa kwa ngozi pa kushikia. Zikatwe majani yakishapukutika, zihifadhiwe nje kwenye unyevu. Kifurushi kilicholala wiki moja ndani karibu na hita kilikauka, na kilipopigwa chini vipande viliruka usawa wa uso. Usiku wa kuamkia siku yenyewe vinalowekwa kwenye pipa.

Fito zinapiga ardhi na buti za mvaaji mwenyewe, basi. Kule kwao ndama za miguu huchapwa, na anayesimama mbele anajua alichokifuata. Hapa kuna mtu anayerudi kutoka kazini na begi la ununuzi.

Mienge ya moto imekataliwa, nasi hatukubishana. Tulichopigania ni chetezo. Katika Rauhnächte wakulima wa Alpi hupita nyumba nzima na zizini na makaa yenye ubani, kufukiza. Ubani huo hutoka kwenye miti ya Dhofar, kule Oman, na Somalia, ule ule unaofukizwa Mombasa na Unguja. Ni desturi ya Perchten zaidi kuliko Krampus, tunakiri, na hapa tumevunja mpaka tuliouweka wenyewe mwezi Machi. Lakini harufu hufika kabla ya kengele. Tumeruhusiwa chombo kimoja cha chuma chenye kifuniko, mchanga sm 3 chini ya makaa, mbebaji asiye na ngozi wala kinyago, na mtu wa kizimamoto hatua tatu nyuma yake.

Novemba 29. Namba na utepe

Kila Krampus ana namba nyeupe ya sm 12 kwenye mkanda, mbele na nyuma, kama wanavyofanya baadhi ya miji ya Austria. Mtazamaji akiwa na lalamiko anataja namba, hahitaji jina.

Anayetaka kusogelewa anafunga utepe mkononi. Tulinunua mita 200 za utepe mwekundu. Gizani, kutoka ndani ya kinyago, nyekundu ni nyeusi tu. Tumenunua mweupe, upana sm 5.

Desemba 6. Asubuhi baada ya

Kundi liliondoka saa 12 na dakika 14. Kuchelewa kulisababishwa na kuvaa, hasa mikanda ya mabegani iliyokuwa imepindana. Vinyago vilivaliwa hadharani, kwenye meza ndefu, watoto wakitazama mtu akigeuka kuwa zimwi. Ni uamuzi bora kuliko yote ya mradi huu. Mtoto aliyeona kidevu cha mtu kikiingia ndani ya mbao alicheka badala ya kulia.

Kituo cha pili kilivurugika. Watu walijaa barabarani nyuma ya Nikolasi na kumtenga na mazimwi yake, wasindikizaji wakabaki upande wa pili. Kofia yake ya kiaskofu ya sm 40 ndiyo iliyookoa: aliinua fimbo, Krampus waliokuwa mbali walimwona juu ya vichwa na kupiga magoti mahali walipo, na umati ukafunguka wenyewe. Kamba mbili za mita 10, kila moja ikiwa na wasindikizaji wawili, zingezuia haya.

Magari mawili yalibaki upande uliokatazwa. Kioo kimoja kimechubuliwa na kengele ya namba 9. Mwenye gari amelipwa.

Schiller Park nyasi zilikuwa zimelowa. Buti za soli laini ziliteleza, wawili walianguka kwa magoti mbele ya sanamu ya mshairi Schiller, na umati ulidhani ni mchezo.

Desemba 13. Ukarabati

Ngozi zimetundikwa kwenye chumba chenye feni, mbali na hita, zikiwa zimegeuzwa ndani nje siku tatu kisha nje ndani siku nne. Zile mbili zilizowekwa karibu na joto zimekakamaa mabegani na zitahitaji mafuta ya ngozi. Vinyago vimefutwa ndani kwa siki iliyochanganywa na maji, nusu kwa nusu. Viunzi vya kofia vimefuliwa.

Bolti za nailoni: tatu zilikatika usiku ule, zote kwa kushikwa na mikono ya watu, namba 3, 7 na 11. Shingo zote nzima. Pembe ya namba 7 ilidondoka kwenye matofali na kumeguka ncha, itachongwa upya ifupishwe sm 2. Kinachobaki kusumbua ni muda: msindikizaji mwenye glavu alitumia dakika nne kubadilisha bolti moja, kwa sababu nati ndogo ya ndani ilimponyoka mara mbili akaitafuta kwa tochi kati ya matofali. Tumejaribu nati zenye masikio, kila moja imefungwa kinyagoni kwa uzi wa mkia wa sm 8. Kwa glavu zile zile imechukua sekunde 50. Tumeagiza 40.